Ukuta wa Stoo Umenenepa

Mama Ilhamu alinipigia simu saa nne asubuhi kuniambia ukuta wake wa stoo umenenepa.

“Umenenepaje?” nikamuuliza.

“Fundi Mashavu, mimi nitajuaje? Umenenepa kama mtu anavyonenepa. Njoo uuone kwa macho yako.”

Nikabeba mkoba wangu nikaenda, nanung'unika njia nzima. Nyumba ile niliifanyia kazi kwa mikono yangu miwili, haijatimiza hata siku arobaini, na mimi sirudiwi kazi. Ulizeni Ngamiani yote. Tangu bahari ianze kupita chini ya ardhi na maji yatokee sakafuni badala ya mlangoni, nimepaka nyumba mia mbili na ushei, na hakuna hata moja iliyoniita nyuma kwa aibu.

Tunachopaka kina jina refu la maabara. Mtaani kinaitwa mlevi, kwa sababu kinakunywa kutwa kucha. Ni kiumbe hai. Kwenye ndoo ukikiona utadhani uji wa ulezi. Ukishakipiga ukutani kwa brashi, baada ya siku mbili kinakuwa cheupe na kinaganda kwenye plasta. Kinavuta unyevu kutoka ndani ya ukuta, kinausukuma upande wa nje jua liuchukue, na kuvu ikithubutu kuchipua kinaila. Kabla ya mlevi mji huu ulikuwa na kuta nyeusi mpaka darini. Godoro umelianika asubuhi, jioni limeota manyoya. Maduka yalifungwa, si kwa kukosa wateja, kwa harufu. Watu walikohoa weusi. Mume wangu Hemedi alikohoa weusi miaka mitatu mpaka pafu moja likafa, kwa hiyo mtu asije akaniambia mlevi ni kitu kibaya. Nimezika majirani mimi.

Mama Ilhamu alinipokea mlangoni. Ni mwalimu wa sekondari, mke wa Injinia Mbwego, yule wa mifereji, mwanamke mpole asiyejua kupaza sauti. Wana watoto watatu. Ilhamu ndiye wa kwanza, ana miaka tisa na pumu, na kabla sijapaka nyumba ile alikuwa analala amekaa kitako, midomo imebadilika rangi, mama yake anampepea. Siku hiyo nilimkuta uani anaruka kamba. Nikafurahi, nasema kweli. Nikajiambia, kazi yangu hiyo, inaruka kamba.

Stoo iko nyuma ya jiko, chumba kisicho na dirisha, cha kuwekea mkaa, mchele na viti vilivyovunjika miguu. Nikawasha tochi. Ukuta ulikuwa umeumuka kama mkate wa kumimina, umetokeza inchi nzima, unang'aa. Mlevi akinenepa namna hiyo, maana yake nyuma yake kuna bomba linavuja. Nikachomeka pini za kipimo. Asilimia tatu. Nikachomeka chini, karibu na sakafu. Asilimia tatu. Ukuta ulikuwa mkavu kabisa, na bomba la karibu lilikuwa upande wa pili wa nyumba.

“Sasa huyu anakunywa wapi?” nikasema peke yangu. Nikageuka. Nyuma ya gunia la mkaa palikuwa na mkeka umekunjwa, na juu yake kanga mbili na kitana.

Wala sikushangaa. Mkeka ule nilikuwa nimeshauona.

*

Acheni nieleze, maana hapa ndipo kwenye dhambi yenyewe.

Mlevi hajui tofauti ya pumzi na unyevu. Kwake yeye mvuke unaotoka puani mwa mtu ni maji tu, sawa na maji ya ukutani. Ndiyo maana kabla ya kupaka kuna siku saba za utambulisho. Fundi anauliza nani wanalala humu, kila mmoja anapuliza mfuko, na mifuko ile inafunguliwa juu ya ndoo asubuhi na jioni mpaka mlevi awazoee, awaache. Siku ya nane anafunga. Hajifunzi mtu mpya tena mpaka anakufa. Watu wa maabara walifanya hivyo makusudi, kwa sababu toleo la kwanza lilikuwa linajifunza kila siku, likaizoea na kuvu yenyewe, wakakaa wote ukutani kama mashemeji.

Kwa hiyo mgeni katika nyumba iliyopakwa halali zaidi ya siku tatu. Siku tatu mwili wenye afya unajisafisha. Ukizidisha, vumbi la mlevi linaota kooni na linaanza kukunywa kwa ndani. Hata hospitali haiwezi kupaka wodi zake, maana wagonjwa hawahesabiki. Siku hizi ndugu wakija harusini wanafikia kwenye mahema, na tumezoea, hatuoni tena kuwa ni ajabu.

Siku ya kuhesabu tulikaa sebuleni, mimi na Injinia na mkewe.

“Tuko watano,” akasema Injinia.

Bi Chausiku akaingia na sinia la chai. Huyu ndiye aliyemlea Injinia tangu yuko kwenye nepi, na sasa anawapikia watoto wake. Miaka sitini na kitu, mwembamba, ulimi wembe. Fomu inataka kila mtu aulizwe, nikamuuliza.

“Shikamoo, Bi Chausiku. Na wewe unalala wapi?”

“Marahaba. Nalala kwangu, barabara ya kumi na tisa. Au kuna mtu kakwambia sina kwangu?”

Barabara ya kumi na tisa iko chini ya maji tangu mwaka juzi. Injinia alijua, ripoti ya mafuriko aliiandika yeye. Mama Ilhamu alijua, mkeka aliutoa yeye. Mimi nilijua, maana dakika kumi kabla nilikuwa stoo napima kuta. Lakini kwetu sisi mtu mzima akikwambia ana kwake, humvui nguo mbele za watu. Unamsitiri. Mama Ilhamu alikuja kuniambia baadaye kuwa kila magharibi Bi Chausiku alikuwa anaaga kabisa, anavaa baibui, anatoka mlango wa mbele, anazunguka uchochoro, halafu anaingia kwa mlango wa uani, na wao sebuleni wanaongeza sauti ya redio ili wasimsikie.

Tukatazama vikombe vyetu. Chai ilikuwa na tangawizi nyingi. Nikaandika watano.

*

Nilimkuta jikoni amekalia mbuzi, anakuna nazi.

“Umekuja kunusa nini tena leo?” akaniuliza. Sauti ilikuwa imekwaruza.

“Bi Chausiku, hebu tema mate.”

“Nini?”

“Tema mate chini, nakuomba.”

“Mashavu, umeingiwa na shetani gani? Niteme mate jikoni?” Lakini aliniona usoni, akajaribu. Midomo ikatembea, shavu likaingia ndani, hakikutoka kitu. Akajifuta mdomo mkavu kwa ncha ya kanga, akarudi kwenye nazi yake.

Nikatoa kioo changu kidogo cha mkobani nikamwekea chini ya pua. “Pumua.” Mtu mwenye afya akipumulia kioo kinafifia. Cha Bi Chausiku kilibaki safi, kikamwonyesha uso wake vilevile ulivyo, midomo imepasuka, macho mekundu.

“Tangu lini?” nikauliza.

“Tangu lini nini? Kikohozi hiki cha vumbi la mkaa.” Akakuna nazi. “Ladha ndiyo siipati vizuri. Watoto wanalalamika nazidisha chumvi.”

“Na machozi?”

“Juzi nilikata vitunguu kilo nzima,” akasema. “Nikadhani vitunguu vya siku hizi ndivyo vilivyo.”

Nilitaka kulia mimi badala yake. Nikamwambia yote papo hapo, bila kuzunguka, kwamba anaumwa nini na kimetoka wapi. Alisikiliza huku mkono unakwenda. Nilipomaliza akaniuliza kitu kimoja tu.

“Na Ilhamu hana neno?”

“Ilhamu hana neno.”

“Basi vizuri,” akasema, akakung'uta chicha.

*

Injinia alirudi mchana. Nikawakalisha wote watatu sebuleni, na Bi Chausiku akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango wa jikoni, makalio ukingoni kabisa, tayari kuinuka.

“Anahitaji siku kumi,” nikasema. “Siku kumi mahali pakavu pasipo vumbi la mlevi wala kuvu. Vumbi jipya lisipoingia, lile la kooni linakufa lenyewe. Akikosa hizo siku kumi, litashuka mapafuni, na likifika huko basi tena.”

“Mahali hapo ni wapi?” Injinia akauliza.

“Hapa. Dawa ya kumzima mlevi ninayo mkobani. Nikipiga leo, kesho amekufa. Kuta zitakaa kavu kama wiki mbili, Bi Chausiku atapona.”

“Halafu?”

“Halafu kuvu itarudi. Na plasta ikishachacha kwa ile dawa haipakiki tena mpaka mwaka upite.”

Mama Ilhamu akaziba mdomo. Uani kamba ilikuwa bado inapiga sakafu, paa, paa, paa, na sisi sote tukawa tunaisikia.

“Mwaka,” akasema Injinia. “Fundi, wewe ulimwona Ilhamu mwaka jana.”

“Nilimwona.”

“Hawezi kumaliza mwaka.”

“Najua. Ndiyo maana nawaambia nyinyi, sijifanyii tu. Una kibanda shambani Handeni, kule kukavu. Mpeleke leo.”

“Barabara imekatika tangu Jumamosi. Mvua zikipungua nitampeleka mwenyewe kwa gari, wallahi. Wiki tatu hivi.”

“Hana wiki tatu.”

Injinia akainama. “Bi Chausiku ni mama yangu,” akasema. “Amenibeba mgongoni huyu. Siwezi kukaa hapa nimwamulie kama kiti. Tumsikilize mwenyewe anasemaje.”

Ah! Nikauona ujanja wake, na sidhani kama hata yeye aliuona. Alijua atasemaje. Sote tulijua.

“Mnahangaikia nini?” Bi Chausiku akasema. Akakohoa, kikohozi kikavu kisichotoa kitu. “Mimi nina kwangu. Nitakwenda kwangu nipumzike, nikipata nafuu nitarudi.”

Halafu nikaona mabega ya Mama Ilhamu yakishuka, taratibu, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani. Na Injinia akavuta pumzi na kusema, “Kama unaona ni vyema hivyo, mama.”

Hapo nikashindwa.

“Hana kwake!” nikapiga kelele. “Jamani, hana kwake! Kwake kuna samaki! Analala stoo, nyuma ya gunia la mkaa, na wewe unajua, na wewe unajua, na mimi nilijua siku ile ile, nikanywa chai nikaandika uongo! Tunamsitiri mpaka tunamzika?”

Mama Ilhamu akaanza kulia. Injinia alikuwa anatazama zulia. Bi Chausiku ndiye aliyesimama. Sijawahi kutazamwa vile na mtu, na sitaki kutazamwa vile tena.

“Nani kakutuma, Mashavu?” akasema polepole. “Nimekukosea nini mimi? Miaka mingapi nakufungulia mlango humu, hata siku moja nimekuuliza ya kwako?” Akawageukia wale wawili. “Msimsikilize. Mkeka ule ni wa kulalia mchana, mgongo ukiniuma. Mimi nina kwangu.”

“Tunajua, mama,” akasema Injinia.

Alimwamini. Naapa alichagua kumwamini, pale pale, mbele yangu, na mimi nikabaki mtu mbaya peke yangu katika chumba kile. Bi Chausiku akaingia jikoni, akaunga tui, akaonja asichokionja, akafunika sufuria. Ndipo akaenda kukusanya kanga zake.

*

Nilimvizia kwenye kona ya msikiti. Mvua ilikuwa imeanza tena. Hakutaka kuniona, lakini kikohozi kilimshika akashikilia ukuta, nikamnyang'anya furushi na kuelekea nyumbani, akawa hana budi kunifuata ili asipoteze nguo zake.

Pa kumpeleka hapakuwapo. Mahema ya kule juu yanaota kuvu mpaka kwenye kamba zake, na koo lake lilivyokauka, kuvu ingeingia kama imealikwa. Nyumbani kwangu nimepaka, tumehesabiwa wawili, mimi na Hemedi. Nikampa chumba cha mbele, nikafungua dirisha, nikamweka karibu na hewa. Kwa mtu mzima wa afya siku tatu si kitu. Kwake kila usiku ulikuwa hasara, na mimi fundi, tena fundi wa kujisifu, nilijua hivyo kuliko mtu yeyote.

Dawa ya kuzima ilikuwa mkobani. Chupa nyeupe, unachanganya na ndoo moja ya maji.

Siku ya kwanza nikasema, nimpigie Injinia, huenda barabara imefunguka. Simu iliita mpaka ikakata. Siku ya pili nikapiga tena, akapokea Mama Ilhamu. “Fundi, yuko kwenye mkutano,” akasema, na nyuma yake nikasikia mtu anamuuliza ni nani huyo, na mtu huyo alikuwa Injinia. Nilimtukana. Nilimtukana kwa sauti, jikoni kwangu, baada ya kukata simu. Nikamwita kila jina. Kwamba mtu amelelewa kwa mikono ile na hawezi kuitolea nyumba moja, ukuta mmoja, mwaka mmoja!

Hemedi alikuwa amekaa mlangoni na pafu lake moja. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

“Si uzime hapa?” akasema.

Nikachukua kikombe nikakiosha.

“Zima, Mashavu. Mimi nitavumilia.”

“Utavumilia na pafu gani?” nikamfokea. “Usinitie wazimu! Unavumilia na nini?”

Nyumba yetu ni ndogo, kuta ni nyembamba, na chumba cha mbele kikohozi kilikuwa kimesimama ghafla, kama mtu aliyekizuia kwa mkono ili asikie vizuri. Au ili asisikike. Nikachota ndoo ya maji nikaiweka katikati ya ukumbi. Nikaweka chupa juu ya stuli karibu yake. Nikajiambia, asubuhi. Asubuhi na mapema, kabla sijawaza.

Asubuhi ya siku ya tatu niliamka, nikakuta uwanja umefagiwa. Vyombo vimeoshwa. Ndoo ilikuwa pale pale na chupa juu ya stuli, na Bi Chausiku alikuwa amesimama mlangoni na baibui lake, furushi limefungwa. Midomo alikuwa ameipaka mafuta ya nazi ionekane mizima.

“Nimekaa sana,” akasema. Sauti ilikuwa imebaki kama ya mtu anayenong'ona. “Nisije nikaambiwa nimehamia. Na kwangu nimepaacha siku nyingi hivyo, hata sijui pakoje.”

Nilikuwa na maneno. Niliyapiga makelele sebuleni kwa watu siku tatu nyuma, kila mtu akayasikia. Yalikuwa mafupi tu, hana kwake, na chupa ilikuwa hatua nne kutoka mkononi mwangu. Chumbani Hemedi alivuta pumzi, ndefu, safi, ya mtu aliyelala vizuri. Na mimi nikahisi nafuu. Nalisema kama lilivyo: nilihisi nafuu, mabega yangu yakashuka, na nikajua ni nafuu ipi.

“Haya, Bi Chausiku,” nikamwambia. “Wasalimie huko.”

“Zimefika, mwanangu,” akasema.

Njia ya kwenda kwenye mahema ni kulia. Yeye akakata kushoto, njia ya kumi na tisa, kwenye maji, kwa sababu nilikuwa nimesimama mlangoni namtazama.